Mgonjwa Ambaye Ruqayya Hakumdunga

Ruqayya hakuweza kutulia. Alikunja taulo, akazikunjua, akafungua dirisha, akalifunga tena. Daktari Wanyoike alikuwa amempa chumba katika kliniki yake pale Ruiru, atibu maumivu kwa zile sindano nyembamba za Kichina alizosomea. Kila asubuhi Ruqayya alitoka kwao Ngoingwa akiwa na matumaini, na kila siku wagonjwa walipita mlangoni pake wakienda kwa daktari. Mwenye hisa mwingine wa kliniki, mshirika wa Wanyoike, alishasema waziwazi kwamba huo ni uganga tu, na afadhali chumba kiwe cha meno.

Ndipo akaingia Zacharia, mbeba mizigo wa sokoni, amejishika kiuno.

"Dada, nimechoka na tembe. Nidunge hizo zako."

Mgonjwa wa kwanza! Ruqayya alivuta sinia ya sindano huku akimuuliza maumivu yanashukia wapi.

"Miguu yote. Na hapa ninapokalia pamekufa ganzi." Zacharia aliinamisha macho. "Hata mkojo umekataa tangu jana."

Ruqayya akairudisha sinia mezani.

"Inuka, twende kwa daktari."

"Kwani hujui kazi yako?"

"Naijua. Hii haimo."

Zacharia alifoka njia nzima, watu kwenye foleni wakisikia. Wanyoike alimpima, akamgonga magoti, uso ukabadilika. "Mishipa ya fahamu imebanwa mgongoni. Hospitali, saa hii hii." Akaita ambulensi.

Usiku huo Ruqayya hakula. Je, kama amekosea? Je, kama amechelewa? Kesho yake alizunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia, akishika simu na kuiweka, hadi ikalia. Alikuwa Shiko, mke wa Zacharia.

"Wamempasua jana jioni. Mkojo unatoka. Mguu mmoja bado mzito, lakini wanasema atatembea. Anaomba msamaha kwa zile kelele."

Ruqayya alikaa chini, akalia.

Mwenye hisa hakubadili msimamo. Hadi leo humpita bila salamu. Lakini wiki hiyo Wanyoike alibisha mlango akiwa na mwalimu mmoja wa Kiganjo aliyeshindwa kugeuza shingo.

"Huyu nimempima, ni misuli tu," alisema. "Naweza kutazama unavyofanya?"

"Karibu, daktari," Ruqayya akasema, akaenda kunawa mikono.