SIJUI ni Aina ya Nne

Coder wa ofisi ya daktari wa mifugo huandika programu kwa lugha ya Java akiwa amevua viatu, na kila akimaliza mstari anaupulizia kama chai moto. Linah, wa meza ya pili, ameshamzoea. Mfumo wa jamaa ni mkali: mkulima akituma SMS, neno lake lazima ligeuke enum, yaani moja ya aina tatu alizoorodhesha: NGOMBE, MBUZI ama KONDOO, ndio daktari atumwe. Herufi ndogo anazikuza, nafasi anazikata. "Hakuna neno litanishinda," huringa akichezesha vidole vya miguu.

Leo mathe mmoja, mkulima wa Subukia, ametuma: "Sasa boss, Natasha amefura tumbo, harakisheni." Mfumo ukamkataa.

"Huyo apelekwe hospitali ya watu!" coder akacheka.

"Natasha ni jina la ng'ombe wake, bure kabisa wewe," Linah akamrukia. "Na tumbo ikifura hivyo, dakika kidogo tu ameenda!"

Vidole vikatulia. Coder akampigia daktari, wakasikia pikipiki yake ikiwaka huko nje. Ndipo akaongeza aina ya nne: SIJUI. Neno lolote geni sasa linaangukia hapo, na hakuna aina inayomtoa daktari mbio kama hiyo.