Swichi ya Mlango wa Chini

Meneja alinieleza mpango mzima tukiwa tumesimama karibu na korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, kwa sauti ambayo nadhani hata mkonge ulioko shambani uliisikia.

"Kijana, hii mota ikitii kompyuta, wewe unapata ajira ya kudumu, na yule mzee anapumzika."

Yule mzee alikuwa ameketi hatua sita kutoka tulipokuwa, kwenye kiti cha mbao alichokileta mwenyewe kutoka nyumbani. Mbele yake kulikuwa na kitufe cha kuzungusha, na kwa kitufe hicho aliongeza na kupunguza kasi ya mkanda unaopeleka majani kwenye korona. Kazi hiyo aliianza kiwanda kikiwa cha serikali. Sasa kilikuwa cha mwekezaji, na mwekezaji alitaka mkanda uendeshwe kutoka ofisini. Mzee alisikia kila neno. Hakugeuza shingo.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, cheti kipya, na bisibisi ya kupimia umeme iliyochomekwa mfuko wa shati ili watu waione. Nilitoka Mikumi, nilikokuwa natengeneza majokofu ya nyumba za wageni, na niliamini Kilosa imebahatika kunipata. Nilipompita mzee nilimwambia, "Mambo, mzee."

Hakujibu. Nikajua ni masikio, makelele ya korona yamemmaliza. Naona aibu kuandika hivi, maana nyumbani kwetu mtoto aliyeamka bila kusema shikamoo hakupewa chai.

Kazi yenyewe ilionekana ndogo. Kulikuwa na draivu, kabati la chuma linaloiamuru mota izunguke kwa kasi gani. Ilikuwa ya zamani. Kulikuwa na kompyuta ya kuongozea mitambo, mpya, ya kampuni nyingine kabisa. Nikachomeka kadi ya mtandao kwenye draivu, nikapitisha waya wa bluu mpaka kwenye kompyuta, nikangoja saa tisa alasiri, zamu ya mzee ilipokwisha na mkanda ukasimama. Nikatuma amri ya kuwasha.

Draivu ikajibu. Ikasema ipo, ni nzima, haina hitilafu yoyote. Ila mota haikutikisika.

Alasiri ya pili nikabadilisha waya. Alasiri ya tatu nikabadilisha anwani zote za mtandao, kisha nikazirudisha zote. Kila siku mzee, kabla ya kuondoka, alichuchumaa mbele ya draivu na kitambaa chake, akafungua mlango mdogo wa chini, akapangusapangusa, akafunga, akaenda zake. Nilimwonea huruma, anafuta vumbi kwenye kitu ambacho karibuni hakitamhitaji. Meneja naye alipita kila saa kuuliza, "Tumefika wapi?" Wenye kuuliza kwa "sisi" mara nyingi mikono yao huwa mitupu.

Siku ya nne nilidandia lori mpaka Mikumi, kwa sababu hoteli moja pale ilikuwa na intaneti na dada wa mapokezi aliyenifahamu tangu enzi za majokofu. Tulikipata kitabu cha ile draivu. Printa yake ilitoa kurasa kumi na moja, wino ukaisha. Lakini ukurasa wa kumi na moja ulinitosha, au ndivyo nilivyodhani. Ulisema draivu haipokei amri ya kuwasha moja kwa moja. Kwanza itumiwe ujumbe kwamba ijiandae, yenyewe ijibu kuwa iko tayari, ndipo iambiwe iwake.

"Kumbe inataka shikamoo kwanza," nilimwambia dada wa mapokezi, tukacheka mpaka meneja wa hoteli akachungulia.

Njiani kurudi nikaendelea kuicheka ile draivu, jinsi ilivyokaa pale siku zote na heshima zake, ikimtazama kijana wa kampuni nyingine anayeingia na kuamuru bila salamu. Mimi mwenyewe sikujicheka. Sikuona pa kujichekea.

Alhamisi alasiri nikatuma salamu. Draivu ikaitikia, tayari. Nikatuma amri. Kimya. Meneja akaniambia kesho saa tisa anakuja kushuhudia, na kama mota haiendi, mimi niende.

Nilikaa chini sakafuni. Kuuliza si ujinga, tulifundishwa darasa la pili, lakini nilikuwa na cheti. Kiburi kilipoisha nikaazima baiskeli, nikaenda Chanzuru, kijijini kwa mzee.

Nilimkuta mzee uani anapukuchua mahindi. Nilishuka kwenye baiskeli mbali kidogo, nikamwendea kwa miguu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Masikio yake yalikuwa mazima kabisa. "Habari za kazi?"

"Mbaya, baba. Nimekuja kuuliza."

Alimwita mkewe alete kigoda na viazi vitamu. Nilipokwisha kukaa ndipo akasema.

"Ndani ya mlango wa chini kuna swichi. Ikielekea kushoto, mota haiwaki, hata aamuru nani. Zamani mtu aliiwasha kwa swichi kuu iliyokuwa ofisini, mwenzetu yuko ndani anasafisha mkanda. Mkono wake haukufaa tena. Tangu siku hiyo siondoki bila kuifunga."

Nilirudisha kiazi sahanini. "Mbona hukuniambia, baba?"

"Hukuniuliza. Ulinisalimia kama mwenzako wa kijiweni."

"Lakini nikiiwasha kesho, wewe..."

"Nilisikia. Yule meneja hana sauti ndogo." Akatupa gunzi. "Mimi naondoka tu, mwanangu. Nisipokuonyesha wewe, ataletwa mwingine ataiona. Nilitaka mmoja wenu aulize kabla sijaondoka. Kula, kinapoa."

Ijumaa saa tisa meneja alikuja na shati jeupe. Nilianza kwa kumsalimia mzee, shikamoo ya kusikika, kisha meneja. Mzee akachuchumaa, akaigeuza swichi kulia. Nikatuma ujumbe wa kwanza, nikatuma wa pili, na mkanda ukaondoka taratibu. Meneja alipiga makofi, akaniuliza tatizo lilikuwa nini, na nilipofika katikati ya jibu alikuwa keshatoa bahasha ya kumstaafisha mzee.

Mzee aliikunja bila kuifungua. Akaniambia nizime, nikazima. Akapangusa draivu kwa kitambaa chake, akafunga mlango wa chini, akajitwika kiti, akatoka. Nilipaswa kufurahi. Nilijisikia kama mwizi.

Jumatatu saa moja asubuhi, mwajiriwa wa kudumu, niliketi mbele ya kompyuta. Nikatuma salamu, draivu ikaitikia. Nikatuma amri. Mota kimya.

Nikashuka, nikafungua mlango mdogo. Swichi ilikuwa imeelekea kushoto. Aliifunga Ijumaa kabla ya kuondoka, kama kawaida yake.

Sikuigeuza mara moja. Sakafuni palibaki alama nne za miguu ya kiti. Niliangalia kama kuna mtu karibu, nikaziambia shikamoo, kisha nikakagua mkanda mzima kama kuna mtu ndani.