Nyanjige na Filamu ya Kupe

Nyanjige binti Shigela aliitambua sauti kabla hajauona uso. Mwaka ulikuwa wa tisini na nne. Alikuwa ameinama nyuma ya banda lake la video mjini Bariadi, akimimina petroli kwenye jenereta, akasikia mtu akiuliza mlangoni, "Mwenye banda yupo?" Petroli ikammwagikia miguuni. Miaka ishirini alikuwa ameibeba sauti ile kama mwiba uliovunjikia nyamani.

Wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishwa kwa nguvu, mgambo walifika kwao Nkoma wakaezua nyumba. Baba yake, mkulima wa pamba, aliomba aachwe avune kwanza. Walimjibu kwa rungu, mkono wa kulia ukavunjika. Siku ya tatu likaja gari la sinema la serikali, na ndani yake kijana mtanashati, Januarius, mwongozaji wa filamu. Aliwasalimu kwa Kisukuma cha kuokoteza, "Mwadela, mwadela," akamkalisha Shigela kwenye kigoda, akamfunika ule mkono kwa shuka. Kisha akamgeukia Nyanjige, mtoto wa miaka kumi na miwili.

"Binti, mpelekee baba kibuyu anywe. Tunapiga picha ya ukarimu wenu."

Kibuyu kilikuwa na maziwa. Nyanjige alikipeleka akitabasamu, maana aliambiwa atabasamu.

Filamu ilipokamilika ilizungushwa kwenye viwanja vya shule, kutoka Nkoma hadi Malampaka. Pale Shigela alipoinua kibuyu, sauti ya Januarius ilisema: "Huyu ni kupe. Wenzake wanajenga taifa, yeye analewa mchana." Uwanja ulivunjika mbavu. Mtu wa kanisa, asiyejua hata ladha ya pombe, akageuka kuwa Mlevi kwa wakubwa na wadogo. Mkono uliunga kombo, jembe likamshinda. Alikufa baada ya miaka sita, na pale pale kaburini mtu mmoja alinong'ona, "Pombe imemmaliza." Nyanjige alisikia.

Sasa Januarius alisimama mlangoni na mvi zake na begi la ngozi. Serikali ilikuwa imempunguza kazini. Pamba ilikuwa imefunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na kampuni moja mpya ilimtaka awashawishi wakulima waachane na ushirika.

"Nitaanza na filamu yangu ya zamani, mama," alisema, akitoa kanda ya video alikoihamishia. "Wajue nimekuwa rafiki wa mkulima tangu siku za vijiji."

Hakumtambua hata kidogo.

"Karibu sana, mzee," Nyanjige akajibu, akitabasamu kama alivyofundishwa na huyu huyu. "Njoo Jumamosi mchana, siku ya gulio."

Kesho yake alipanda lori hadi Nkoma, kwa mzee Ngeleja, jirani yao wa zamani, ambaye kwenye filamu ileile anaonekana akifyatua tofali huku akicheka.

"Mzee, uliona mgambo walivyomvunja baba yangu mkono?"

"Niliona, mayu," akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Na mimi niliambiwa nicheke, mgambo akiwa nyuma yangu."

"Basi njoo na wote walioona."

Jumamosi banda lilifurika. Tajudin, wakala wa kampuni, alikaa mbele pamoja na Januarius. Kanda ikazunguka. Baba yake alipoinua kibuyu, Nyanjige alisimamisha picha, akafunga mlango na kuuegemea.

"Huyu ni Shigela, baba yangu. Aliyempelekea kibuyu ni mimi. Ndani mlikuwa na maziwa, na chini ya shuka kuna mkono uliovunjwa na mgambo. Mzee Ngeleja, nasema uongo?"

"Husemi uongo," Ngeleja akajibu, na nyuma yake sauti nyingine nne, tano.

Januarius aliinuka. "Mama, ilikuwa amri. Sote tulikuwa chini ya amri."

"Amri ya kuhama ilikuwa ya serikali. Kibuyu kilikuwa chako." Akamfuata mbele, akamtia kipaza sauti cha banda mkononi. "Sema upya. Kwa sauti ileile."

Januarius alimtazama Tajudin, Tajudin akatazama viatu vyake. Mwisho Januarius akasema, "Mtu huyu amevunjwa mkono. Anakunywa maziwa."

"Hawajasikia kule nyuma. Rudia."

Akarudia. Nyanjige alimrudisha kwenye maneno yale mara saba, mpaka jasho likalowanisha kola na ile sauti nzuri ikabaki mkwaruzo. Ngeleja akasema, "Inatosha, mayu." Yeye akasema bado, akamrudisha mara ya nane. Ndipo akafungua mlango.

Tajudin hakutaka tena kuonekana na Januarius. Alimwacha hapo hapo gulioni. Januarius akarudi peke yake kuomba kanda. "Sina nakala nyingine," alisihi. "Ndiyo kazi ya maisha yangu."

"Ndiyo sura pekee ya baba yangu," Nyanjige alijibu. "Sisi hatukuwa na hela ya picha."

Januarius akaondoka mikono mitupu.

Mwaka uliofuata iliwasili barua kutoka Dar es Salaam. Januarius alikuwa anaugua, akaiomba kanda ile kwa heshima zote. Nyanjige aliisoma mara mbili, akaitia motoni chini ya sufuria ya ugali. Wapo waliomlaumu, hata kanisani, kwamba kisasi hakifufui mfu. Hakubishana nao. Nkoma hakuna tena aliyemwita baba yake Mlevi, na hilo ndilo alilokuwa akilitaka. Lile jasho la Januarius alilichukua kama nyongeza.