Makaa Chini ya Mkonge

Mwaka ule Eufrasia hakuchoma masalia yake ya pamba kama watu wengine wa Guta. Wenzake waling'oa miti mikavu, wakailundika katikati ya shamba na kuitia moto kabla bwana shamba hajapita kukagua. Yeye alibeba kila mzigo kichwani hadi ukingo wa shamba, kwenye mstari wa mkonge wa mpaka, akalundika hapo. Nyuma ya mkonge ilikuwepo nyumba ya shemeji yake, Makongoro. Ilikuwa nyumba ya nyasi, nayo imejaa pamba hadi chini ya vitanda. Soko lilikuwa huria sasa, na Makongoro alikuwa anangoja tajiri atakayewazidi wengine bei.

Kila alasiri upepo ulitoka ziwani, ukapita juu ya lundo, ukaenda moja kwa moja kwenye nyumba ile. Eufrasia alikuwa ameuangalia tangu mavuno yalipoisha. Kuchoma masalia ni sheria. Na cheche ikishapaa, nani atasema ilitumwa?

Kiberiti kilikuwa kwenye pindo la khanga yake.

Miaka ya dhiki, kiberiti hakikuwepo dukani, wala sabuni. Asubuhi watu waliombana kaa la moto. Miaka hiyo ndiyo Masatu, mumewe, alikufa. Makongoro alirudi kutoka machimbo ya dhahabu kumzika ndugu yake, akakuta shamba, ng'ombe wa kulimia na mjane. Alitaka vyote. Matanga hata hayajapoa, alikuja akakaa kwenye kiti cha marehemu.

"Mke wetu, desturi unaijua. Leo usifunge mlango."

"Mimi si mke wenu. Nilikuwa mke wa Masatu. Na mlango nitaufunga."

"Haya. Tutaona kama utalima kwa komeo."

Akaswaga ng'ombe. Msimu uliofuata jembe lake la kukokotwa lilivuka mpaka. Msimu wa pili aling'oa mkonge wenyewe, akaupanda upya ndani kabisa ya shamba la mjane, akajitwalia udongo mweusi unaoshika maji, akamwachia kichanga. Kwenye baraza la kata aliapa kwamba mkonge uko pale tangu enzi za baba yake. Nyamhanga, jirani aliyekuwepo mzee huyo alipowagawia wanawe mashamba, aliitwa kutoa ushahidi. Aliangalia vidole vya miguu yake na kusema mkonge ni mkonge tu. Eufrasia akashindwa. Tangu siku hiyo alitembea kama mtu aliyebeba ndoo moja nzito mkono mmoja, na mwili wake haukurudi sawa.

Sasa lundo lilikuwa refu kuliko yeye, lakini nyumba bado ilikuwa mbali kidogo. Jumapili, baada ya misa, alivua kandambili, akavuka mkonge, akaanza kung'oa miti ya pamba ya Makongoro kwenye udongo ulioibwa. Alitaka kuilaza hadi kwenye nyumba, moto upate njia.

Makongoro alimwona kutoka mlangoni. Akatoka na bakuli la uji, akacheka hadi uji ukamwagika.

"Mke wetu! Umekubali kunifanyia kazi eh? Ungesema mapema, ningekupa na jembe."

"Kazi ni kazi, shemeji."

"Ng'oa, ng'oa. Ule mstari wa mwisho mgumu. Ukimaliza, njoo unywe uji."

Akaingia ndani, bado anacheka, akalala.

Eufrasia alikuwa hajaukanyaga udongo ule kwa miguu mitupu tangu alipokuwa mke wa mtu. Juu ulikuwa umepasuka kwa kiangazi, lakini ndani ya nyufa ulikuwa wa baridi na mzito, na ulimshika nyayo zote mbili kwa pamoja. Alisimama. Akasikia upande ule uliolemaa wa mwili wake ukishuka, ukitafuta mahali pake. Hasira haikumtoka; iliteremka tu kutoka kifuani hadi miguuni, ikatulia pale, ikawa na nguvu zaidi.

Kwenye mstari wa mwisho mti mmoja ulikataa. Alichuchumaa, akaushika kwa mikono miwili, akavuta hadi akaanguka kwa makalio. Mzizi ulitoka mrefu, na pamoja nao vikatoka makaa meusi na kigae cha chungu.

Kigae kilikuwa na alama za ukucha wa kidole gumba, mbili mbili, kuzunguka mdomo. Hivyo ndivyo mama yake alivyopambaga vyungu. Kile kilikuwa chungu alichokuja nacho Eufrasia akiwa bibi harusi, kikapasuka wiki ya kwanza, na mama mkwe akamsema hadi akalia. Baadaye mama mkwe alikusanya vigae, akachota makaa mekoni kwake, akavipeleka shambani walikokuwa wanaume wakipima mpaka. Bibi harusi haulizi. Hakuuliza. Makongoro, wakati ule, alikuwa machimboni.

Mkonge unahamishika. Makaa hayaozi, na hakuna anayekumbuka kuyaiba.

Upepo wa ziwani ukaanza. Eufrasia alitoa kiberiti, akakitikisa sikioni, akaangalia nyumba ya nyasi. Moto ungemmaliza Makongoro alasiri moja, halafu watu wangemchangia mabati. Ilikuwa adhabu fupi mno. Akakirudisha kwenye pindo.

Jumatatu alimleta mwenyekiti wa baraza la kata na majirani. Walichimba pale, wakachimba mbele, wakachimba nyuma. Kila shimo lilitoa makaa na vigae vya chungu kilekile, kwenye mstari mmoja ulionyooka. Makongoro alisimama akiwa amevaa shati ndani nje.

"Makaa yako kila mahali," alisema. "Watu wanapikaga popote."

"Na vyungu wanavizika?" mwenyekiti akauliza.

Nyamhanga alikohoa. "Mashimo hayo nilichimba mimi, na marehemu mzee."

"Mbona barazani ulinyamaza?" mwenyekiti akamgeukia.

"Nilikuwaga nalima na ng'ombe wa Makongoro. Na niliulizwa mkonge. Makaa hakuna aliyeniuliza."

Watu walicheka. Eufrasia hakucheka. Mwenyekiti alipoamua mkonge urudi mahali pake siku ileile, Makongoro alimgeukia mtoto wake amletee sururu.

"Hapana," Eufrasia akasema. "Ng'ombe wangu uliwaswaga kwa mikono. Na huu ng'oa kwa mikono."

Hakuna aliyemtetea Makongoro. Eufrasia alikaa kwenye udongo mweusi, miguu imenyooshwa, akamtazama shemeji yake akikumbatia mkonge mmoja baada ya mwingine, miiba ikimchana mikono, hadi mpaka ukarudi juu ya makaa. Kisha aliinuka. Alitembea kwenda nyumbani akiwa amenyooka.

Lundo lake alilichoma asubuhi moja isiyo na upepo. Lakini mpaka leo, kila pamba ikishavunwa, hubeba masalia yake yote hadi kwenye mpaka, karibu kabisa na nyumba ya nyasi, na kuyaacha hapo wiki nzima nzima. Kila alasiri, ziwa linapoanza kupumua, hutoka na kiberiti mkononi, anasimama peku juu ya udongo wake, na kumsalimia Makongoro, ambaye siku hizi halali tena mchana.

"Hujambo, shemeji? Upepo leo unaendaje?"