Viti vya Mama Mkwe

Fundi Sofa, kama walivyomwita wote, hakuwa mwizi. Tuliseme hilo mapema, maana yeye mwenyewe alijiambia hivyo mpaka likaanza kumchosha. Hoteli aliyoipelekea viti kwa mkopo ilipoanza kuyumba, meneja, ambaye ni rafiki yake, alimnong'oneza alete gari mlango wa nyuma avichukue kabla mambo hayajaharibika. Akavichukua. Kwani si mikono yake iliyovishona? Na kwa kuwa mama mkwe hakuchoka kusema ana mkwe fundi wa sofa huku yeye anakalia benchi, viti vikaishia sebuleni kwake. Bibi wa watu aliita majirani waje wajaribu kukaa.

Hoteli ikafilisika kweli. Wadai wakaitwa kwenye ukumbi wa chakula, na mfilisi, mama mpole asiyependa kuzungusha maneno, akawaeleza watarajie nini. Benki iliyoshikilia jengo kama dhamana ingejilipa kwanza kutokana na jengo hilo. Kisha zitolewe gharama za ufilisi wenyewe, halafu mishahara ya wafanyakazi. Wengine, wauza mboga, mafundi, wenye magari, wangegawana kitakachobaki, kila mtu kwa kadiri ya anachodai, na huenda kisibaki kitu. Muuza samaki akauliza kama kuwahi kufika kunasaidia. Watu wakacheka, ila mfilisi hakucheka.

"Kuwahi hakusaidii," alisema. "Na aliyepewa kitu pembeni siku za mwisho, akirudishe. Ukishauza kwa mkopo ukakabidhi, mali ni ya kampuni. Ukiichukua peke yako, umewanyang'anya wote waliomo humu."

Fundi akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Kando yake alikaa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuwa akifua shuka za hoteli hiyo, na ambaye mshahara wake ulikuwa umegeuka hadithi. Huyo aliamini viti vya mama yake vimetoka karakana kwa fundi. Akamwinamia, akamwambia taratibu kwamba waliobeba vya wenzao Mungu anawaona. Fundi akaitikia amina. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na bado hakusimama.

Jioni shemeji akataka wapitie kwa mama kumpa habari, na fundi akakosa kisingizio. Mama mkwe aliwakaribisha kwenye viti, akasikiliza yote, akasikitika. Walioondoka na mali ya hoteli akawaita fisi. Kisha akapapasa mkono wa kiti chake, akasema afadhali yeye Mungu kampa mkwe mwenye utu. Mchuma janga hula na wa kwao, na huyu alikuwa ameshawapakulia, tena wanakula huku wanamshukuru.

Fundi akashuka kwenye kiti, akakaa sakafuni, mkwe mzima na mvi zake.

"Mama," alisema, "hivi viti ni vya hoteli. Mimi ndiye fisi mwenyewe."

Shemeji akanyanyuka haraka kama aliyekalia moto. Mama mkwe hakufoka, na fundi alitamani afoke, kwa kuwa mtu akifokewa hupata mahali pa kujificha. Bibi alimtazama kwa muda, jambo ambalo kwa heshima ya ukwe hakuwahi kulifanya.

"Siku unavileta," aliuliza, "ulijua mwanangu hajalipwa?"

Angeweza kusema hakujua. Lakini shemeji alikuwa amelia nyumbani kwake, mbele ya mkewe, wiki ile ile.

"Nilijua, mama."

Bibi akainuka. Akamwambia binti yake ashike kiti upande mmoja, yeye akashika wa pili, wakaanza kukitoa nje. Fundi aliruka kuwapokea. Wakamwomba tu awapishe njia.