Nilipojitetea kwa Sheria ya Amerika

Nakumbuka siku moja ya Ijumaa, saa mbili na dakika kumi asubuhi, polisi mwanamke alipoinua mkono mbele ya gari letu. Tulikuwa watu saba, sote tumevaa suti, tumetoka Durban kwenda Johannesburg kuniposea mke. Gari nililiendesha mwenyewe. Si jambo la heshima kwa mposaji, lakini mwanangu, mwenye leseni nilikuwa mimi peke yangu.

Tulitarajiwa saa tisa alasiri. Baba mkubwa wa Espérance, msichana niliyekuwa naposa, aliyemlea tangu wazazi wake wafariki, ndiye pekee aliyeweza kupokea posa, na kesho yake alfajiri alikuwa anarudi Lusaka kwa mwaka mzima. Posa isipopokelewa siku ile, ningengoja mwaka, na mwaka ni mrefu kwa msichana mzuri anayeishi mjini.

Polisi alisoma namba ya leseni yangu kwenye redio, akangoja. Kisha akanitazama kama mtu anayetazama maziwa yaliyochacha.

"Bhuti," akaniita, yaani kaka, "una hati ya kukamatwa. Imetoka Johannesburg."

Miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa nauza mikoba ya kike kwenye njia ya waenda kwa miguu mjini Johannesburg, bila kibali. Askari wa jiji alinipa karatasi: nilipe faini ya randi mia tatu, au nifike mahakamani siku iliyoandikwa. Sikulipa, sikufika. Nikahamia Durban, nikafungua kaduka ka simu katikati ya mji, nikalala usingizi. Nilikulia Bujumbura nikiamini kwamba faili dogo lisilo na mtu wa kulisukuma hufia kabatini.

Tena nilikuwa msomaji. Jioni nyingi nilikaa kwenye kafe ya intaneti kule Greyville, mtaa wa Durban, nikijifunza namna hati hizi zinavyofanya kazi. Nilisoma kwamba kila jimbo lina sheria zake. Kwamba ili kumchukua mtu aliyekimbilia jimbo jingine, gavana humwandikia gavana mwenzake. Na kwamba kwa makosa madogo majimbo mengi hayajisumbui na gharama hiyo, ingawa hati yenyewe haifi, humngoja mtu siku atakaporudi. Yote hayo yalikuwa kweli. Yalihusu Amerika.

"Afande," nikasema kwa kujiamini, "hati ni ya Johannesburg, mkoa wa Gauteng, na hapa ni mkoa wa KwaZulu-Natal. Gavana wa kule amemwandikia barua gavana wa hapa?"

"Gavana?" akasema. "Bhuti, nchi hii gavana tunaye mmoja, na yuko benki kuu."

Papa Gérard, Mkongo wa Bukavu mwenye mvi kichwa kizima, aliyekuwa msemaji wetu wa posa, alikigonga kiti changu kwa fimbo.

"Weye mtoto, ulisoma sheria ya nani?"

"Ya Amerika, Papa."

"Na huyu bibi tunaenda kuomba, iko Amerika?"

Gari zima likaangua kicheko. Papa Gérard hakucheka. Alimwona binamu yangu Innocent akiingiza mkono mfukoni taratibu kutafuta noti, akamwambia, "Toa mkono huo mtupu. Kosa la mwenzako ni la mikoba. Unataka kulifanya la gereza?"

Kisha akashuka, akafunga vifungo vya koti, na kwa Kiingereza chake cha sokoni akamwambia yule polisi maneno mazuri aliyokuwa amewawekea wakwe. "Mama, tumekuja kwa heshima. Kijana wetu amekosa, hatukatai. Tunaomba utuonyeshe mlango wa kuingilia."

Polisi akachungulia nyuma ya gari, akaona vitenge na mablanketi mapya.

"Lobola? Mahari?"

"Lobola, mama."

"Eish," akaguna kwa huruma.

Hakuniachia, mwanangu, wala hakuwa na ruhusa ya kuniachia. Alinieleza kwa upole kwamba mikoa ya nchi hii ni vyumba vya nyumba moja: saini ya hakimu wa mkoa mmoja inafanya kazi katika yote tisa. Kuombana watu kwa barua ni kazi ya nchi na nchi, na hata hapo nchi husumbuana kwa makosa mazito, si kwa mikoba. Lakini kwa kuwa jambo langu lilikuwa dogo, na mahakama ya mji wa karibu ilikuwa inafunguliwa saa tatu, angenipeleka huko moja kwa moja. Hakimu wa pale angeweza kulisikiliza, nisilale selo nikingoja kusafirishwa.

Wazee wangu walijipanga kwenye benchi la mbele na suti zao. Hakimu akauliza kama wote sita ni mawakili wangu. Alipokwisha kupata habari za kesi kutoka Johannesburg, jua lilikuwa limefika utosini. Akauliza kwa nini sikufika siku ile. Ulimi uliniwasha kujitetea tena. Nikamtazama Papa Gérard, naye akatikisa kichwa mara moja tu.

"Sina sababu, mheshimiwa. Nilidhani nimeikimbia."

Akanitoza mia tatu za mikoba na mia tano za kutofika, akaifuta hati.

Barabarani Papa Gérard akasema jambo ambalo limenikaa mpaka leo: "Weye si mjinga. Mjinga angeuliza mtu. Weye ulikuwa unajua, ndiyo maana hukuuliza."

Tulifika giza likiingia. Baba mkubwa alikuwa bado ameketi, amekunja uso. Msemaji wa wakwe alitupokea mlangoni, akanyoosha fimbo kutuzuia. Simu zilikuwa zimetutangulia.

"Serikali hutoza asiyefika," akasema. "Sisi tunatoza anayechelewa. Mia nne, kabla ya kukaa."

Papa Gérard maneno yake mazuri yote alikuwa ameyamalizia kwa polisi. Akasema tu, "Tunalipa." Baba mkubwa akacheka mpaka akakohoa, na mwenye kucheka hafukuzi mgeni. Posa ilipokelewa. Hadi leo nikibisha jambo nyumbani, Espérance huniuliza kama nina barua ya gavana.

Basi mwanangu, soma, lakini kwanza uliza unachosoma ni cha nchi gani. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Ukipewa karatasi ya mahakama, hata ya kosa dogo kama kuuza mkoba, nenda siku iliyoandikwa. Siku ikipita, usingoje kukamatwa: tafuta mtu anayejua sheria za hapa, nenda naye mwenyewe ukaombe hati ifutwe, kwa maana anayekuja kwa miguu yake husikilizwa tofauti na anayeletwa. Wala usitibu kosa dogo kwa hongo. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Mungu akupe njia nyeupe, akupe na mzee wa kukugongea kiti kwa fimbo unapopotea. Mia tatu za mikoba nilidaiwa kwa haki, sizihesabu. Kwa kutofika nilipoteza randi mia tisa.