Ngoma ya Kiwanja cha Balad

Iko siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo mpaka leo sijamaliza kuikumbuka. Nilikuwa dereva mjini Jeddah, kwa injinia mmoja Mskoti na mkewe. Sasa niko huku Riyadh, mtaa wa Al-Suwaidi, na magoti hunilalamikia kila nikishuka garini, lakini siku ile naiona waziwazi.

Madam yule alipenda sana ngoma za kwao. Mara nyingi nilimpeleka Balad, mji wa kale, akasimama kwenye kiwanja kilichozungukwa na nyumba ndefu za mawe ya matumbawe, akitazama watu tu: wapagazi na mikokoteni yao, wauza vitambaa, akina mama waendao sokoni, wote wakipishana bila kugongana. Kutokana na kiwanja hicho akatunga ngoma ya Kiskoti. Wachezaji walisimama wawili wawili pande nne, kama zile nyumba, wakapita katikati, wakashikana mikono na wasio wenzao, wakazunguka, na mwisho kila mmoja akarudi kwa mwenzake.

Ijumaa ya kuicheza mbele ya wageni ilipofika, mume na mke mmoja kati ya wachezaji wakaugua. Madam akanitazama mimi, kisha akamtazama Nafula, binti wa Bungoma aliyekuwa akilea watoto wa jirani humo humo kwenye kampaundi tulimoishi. Nafula alikuwa ameyafuata mazoezi yote akiwa mlangoni mwa ukumbi, mtoto kiunoni, na ngoma aliijua. Nami nilimpenda, mwanangu, ila sikuwa nimemwambia mtu, hata yeye.

Akaninyooshea mkono. "Njoo, Simiyu. Usiogope kukosea, mimi nitakuvuta."

Dirishani walikuwa madereva wenzangu, wakikonyezana. Nikajibu kwa sauti ili nao wasikie, "Mimi nililetwa huku kuendesha gari. Ngoma za wazungu siziwezi."

Mkono wake ulikaa hewani kidogo, kisha akaushusha. Mzee Barasa, askari wa geti, akavua kofia yake, akaingia mahali pangu. Alicheza vibaya, maskini! Watu wakienda kulia, yeye kushoto, na Nafula akimvuta kwa shati huku akicheka hadi machozi. Ukumbi mzima ulicheka pamoja nao. Mimi nilikwenda kuosha gari lililokuwa safi.

Baadaye mzee akanifuata. "Kijana, wale waliokuwa dirishani, yuko hata mmoja atakayekupikia uji ukiugua?"

Nikaendelea kusugua kioo cha gari.

"Mwenye haya hazai. Nenda ukamwambie yule binti lililo moyoni mwako."

"Nitamwambia, mzee. Si leo."

Basi kila siku ikawa si leo. Mabosi wa Nafula wakahamishiwa Riyadh, wakaondoka naye. Namba yake ya simu nilikuwa nayo. Nilichokosa ni ujasiri, na siku nilipoupata, namba haikupatikana tena.

Kazi ikanileta mimi pia Riyadh, nikawa namuuliza kila Mkenya niliyekutana naye. Mwishowe nikampata dada mmoja aliyewahi kusali naye. Akaniambia Nafula alirudi nyumbani, akaolewa na seremala, na wana watoto.

"Aliwahi kunitaja?" nikamuuliza.

"Mwanzoni alikuulizia sana," akasema. "Halafu akaacha."

Mwanangu, simwonei wivu yule seremala. Alisema pale niliponyamaza. Lakini wahenga walijua waliponena chelewa chelewa utapata mwana si wako, na mimi hata huyo asiye wangu sikumpata. Kicheko cha watu husahaulika kabla ya chakula cha jioni. Wale madereva siku hizi hata majina yao yananipotea. Basi ukinyooshewa mkono na mtu unayempenda, ushike, hata kama hujui kucheza. Na neno jema likikujia, litamke yule mtu angali mbele yako.

Mola akuepushe na haya isiyo na faida, akulainishie ulimi, na akujalie kuzeeka na mtu wa kukuuliza umeshindaje.